Koti la Mlinzi

Kwenye loji moja iliyo juu ya mji wa Karatu, kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, kulikuwa na kichekesho ambacho kila mfanyakazi mpya alisimuliwa hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Kwamba hapa Mbulu, mkulima tangu babu, ndiye anayelinda geti, na Mmasai, mfugaji, ndiye anayelima. Wapishi walicheka, madereva wa watalii walicheka, na Mmasai mwenyewe alicheka nao, kwa sababu asingecheka wangejua kwamba inamuuma.

Mmasai huyo aliitwa Lengai. Kwao ni Endulen, ndani ya hifadhi, kwenye boma la baba yake, mzee Lesiamon. Alipoteremka Karatu alikuja kutafuta kazi ya ulinzi, kama vijana wa kwao wanavyofanya. Mlinzi anasimama getini na rungu lake na shuka yake, na siku akirudi nyumbani bado ni yule yule aliyeondoka. Lakini geti lilikuwa limeshapata mtu, Fabian, Mbulu mwenyeji wa pale pale, mfupi, mwenye maneno mengi, ambaye mkewe alikuwa akilima mahindi na maharage nyuma ya kilima. Meneja akamtazama Lengai kichwa hadi miguu, akasema urefu huo usipotee bure, bustanini wanahitaji mtu wa kubeba maji. Akampeleka kwa mama Selina, mkuu wa bustani.

Lengai akabeba maji. Kubeba maji si kulima, alijiambia hivyo mpaka mvua zikaanza. Kisha mama Selina akamwomba amshikie mche wakati yeye anafukia. Kushika mche nako si kulima. Halafu asubuhi moja goti la mama Selina likakataa kukunjika. Akampa Lengai jembe dogo la mkono, akageuka kutazama upande mwingine, kama mtu anayempisha mwenzake abadilishe nguo. Lengai akapiga magoti akachimba.

Kwao ardhi haichimbwi. Ardhi ni ya majani, na majani ni ya ng'ombe. Mtu anayeipasua kwa jembe wazee wanamtaja kwa sauti ya chini, ile ile wanayomtajia mtu aliyemaliza ng'ombe wake wote kwa pombe. Lengai amekua akiisikia sauti hiyo. Sasa aliisikia kila alipoinama, ingawa aliyekuwa karibu ni mama Selina tu, na mama Selina alikuwa akiimba nyimbo za kwaya.

Ubaya ni kwamba aliweza. Tangu utotoni alikuwa akijua ng'ombe anayeumwa kabla hajaanza kuumwa, kwa kutazama masikio tu. Maua nayo yana masikio. Jani likining'inia asubuhi ni jambo moja, likining'inia mchana ni jambo lingine. Akajua jeraniamu haitaki kumwagiwa maji kichwani, na bogenvilia ukiibembeleza sana haitoi maua, inatoa majani tu kama mtoto aliyedekezwa. Kulikuwa na kichaka kimoja karibu na jiko, chenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopanda shina kwa vituo, mpira mmoja juu ya mwingine, mpaka wafanyakazi wakakiita ngazi. Hicho Lengai alikidharau. Kinaota chenyewe kwao malishoni, na watoto wanaochunga wanayavuta maua yake na kunyonya utamu wake.

Alichokipenda ni haidrenja. Ilikuwa ukuta mzima, kuanzia getini mpaka mapokezi, vichwa vya bluu vikubwa kuliko kibuyu cha maziwa. Wageni walishuka kwenye magari yao wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hawajauliza chumba walizipiga picha. Mama Selina aliziacha zote mikononi mwa Lengai. Alizinywesha alfajiri, akazikinga na jua la mchana, akazilisha mbolea iliyooza mpaka imekuwa kama unga wa kahawa.

Nyumbani alisema ni mlinzi. Alipiga picha getini akiwa amevaa koti refu la Fabian, rungu mkononi, akaituma kwenye simu ya kaka yake, Kimaren. Kimaren akajibu, "Hapo sawa." Kila alipotaka kwenda likizo, Lengai alikaa kwenye jiwe nyuma ya bafu akisugua kucha kwa limau na mchanga mpaka vidole vikawasha.

Mama yake alifika hapo lojini safari moja. Kwa desturi ya kwao jina lake halitajwi tangu alipozikwa, na hapa pia tutaliacha lipumzike. Alikuwa ameletwa hospitali mjini, tayari amekonda, shanga zinamwelea shingoni. Lengai alimpokea getini akiwa ndani ya lile koti, jasho linamtoka. Mama hakulitazama koti. Alitazama maua ya bluu kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Nani anayatunza?"

"Kuna mtu, yeyo," alimjibu mama yake kwa Kimaasai.

Mama akauchukua mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaurudisha alipoutoa, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Ni mtu mwenye subira huyo," alisema.

Miezi michache baadaye wakamzika karibu na boma, na katekista akasimamisha msalaba wa mbao uliopakwa chokaa.

Sasa, wakati mwaka wa msiba unakaribia kuisha, Kimaren alipiga simu. Baba yuko Karatu, ameletwa kutazamwa jicho. Kesho kabla ya kupanda gari la kurudi atapita kwako. Ana shida yake.

"Shida gani?"

"Hajasema. Unamjua."

Lengai alimfuata Fabian kwenye kibanda chake cha getini. Fabian alikuwa akinywa chai, kofia imelala gotini.

"Nipe koti kesho."

"Nikupe tena? Safari hii na mimi nivae nini, shuka yako? Nitaonekana kama mtoto aliyetoka kuoga."

"Vaa ovaroli yangu. Baba yangu anakuja. Kaa bustanini mpaka aondoke, basi."

Fabian akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akamwona Lengai usoni, akaacha kucheka.

"Wewe mtu," alisema. "Mimi babu yangu alilima, baba yangu alilima, na mimi nilikimbia jembe nikaja kukaa kwenye kiti. Wewe umelipata jembe lenyewe, na limekukubali. Sasa unalificha kama umeliiba. Haya, chukua. Lakini wakiniuliza jina la ua lolote, nitasema ni mchicha."

Kesho yake mzee Lesiamon alikuja kwa miguu kutoka barabarani, jicho moja limefunikwa pamba, fimbo begani. Lengai alitoka kibandani, akainamisha kichwa. Baba yake akaweka kiganja juu ya utosi wake, kama inavyotakiwa, na kukiacha pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Unasimama vizuri," alisema kwa Kimaasai.

"Ndiyo, baba."

"Geti ni kubwa."

"Kubwa, baba."

Gari la wageni likaingia. Lengai akafungua geti kwa mkono usiofaa, komeo likamshinda, dereva akatoa kichwa dirishani akacheka, "Leo vipi, bustani imehamia getini?" Lengai akajifanya hakusikia. Baba yake alikuwa akiutazama ukuta wa haidrenja kwa jicho lake moja.

"Ndiyo hayo," mzee alisema. "Yule tuliyemzika alikuja hapa akayaona. Aliporudi hakusimulia hospitali, alisimulia hayo. Nataka moja nikampandie pale alipolala. Mwite mwenye kazi hiyo niongee naye."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Amepanda gari tangu Endulen, amekalia benchi la hospitali, na kumbe jicho lilikuwa sababu ya pili tu.

Lengai angeweza kusema wakati huo. Maneno yalikuwa machache, tena ya Kimaasai, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuyasikia. Badala yake aligeuka, akaita, "Fabian!"

Fabian akaja ndani ya ovaroli iliyomburuta miguuni, jembe begani kama bunduki. Mzee alijua Kiswahili cha mnadani, kinachotosha kununua na kuuza, akamweleza anachotaka. Fabian alimtazama Lengai. Lengai alitazama komeo la geti.

"Hakuna tabu, mzee wangu," Fabian alisema. Kwa vile alikuwa na moyo mwema, alitaka kufanya vizuri zaidi ya alivyoombwa. Akachagua kichaka chenye vichwa vingi kuliko vyote, kikiwa kimechanua kabisa, katikati ya jua la saa sita. Akapiga jembe karibu na shina. Lengai akasikia mizizi ikikatika. Inatoa sauti ndogo, kama nyuzi za shanga. Fabian akakivuta, akakitikisa udongo wote ukapukutika, akakitia kwenye kiroba, mizizi ikiwa mitupu.

"Sasa ukifika, mzee, kiweke mahali peupe, kione jua. Maji kila jioni. Na mbolea. Wewe una ng'ombe, si ndiyo? Basi samadi usiihurumie. Ile mbichi, ya asubuhi, yenye nguvu. Jaza."

"Mbichi," mzee alirudia, ili asisahau.

Kila neno lilikuwa la kuua. Lengai alihisi koti limekuwa zito kama limelowa mvua. Akasogea karibu na baba yake, akasema kwa Kimaasai, taratibu, "Baba, pengine samadi isiwe mbichi. Na jua la kule ni kali."

Mzee akamgeukia. "Umejuaje?"

Lengai akafungua mdomo. Nyuma ya ukuta wa maua alimwona mama Selina amesimama na ndoo, amesikia yote, anasubiri kama wao.

"Nimefikiri tu," Lengai akasema.

"Mwenye kazi amesema. Wewe unajua geti." Hakusema kwa ukali. Akamshukuru Fabian, akampa mkono, mkono wa mzee wa Kimaasai ndani ya mkono wa mtu aliyeshika jembe, na akaushika kwa muda. Kisha akakipakata kiroba kifuani, vichwa vya bluu vikimgusa kidevu, akateremka barabarani. Vichwa vilikuwa vimeshaanza kulegea kabla hajafika kwenye kona.

Fabian akavua ovaroli pale pale. "Nimekosea wapi?" aliuliza. "Mbona umekuwa hivyo? Si nimempa kubwa?"

"Hukukosea," Lengai alisema, na kweli Fabian hakuwa amekosea.

Mama Selina alikuja akasimama juu ya shimo lililobaki ukutani. "Kama pengo la jino," alisema. Jioni Lengai alilifukia, lakini pengo liliendelea kuonekana, na wageni walianza kulipiga picha pamoja na maua, bila kujua.

Alikwenda likizo mvua za vuli zilipochelewa. Hakusugua kucha. Haikuwa kwamba amekuwa jasiri. Alisahau, kwa sababu njia nzima alikuwa akifikiria kitu kimoja, pengine kile kichaka cha kaburini kimeshika. Vitu vingine vinashika kwa ubishi tu. Gari liliteremka upande wa Endulen, vumbi likaingia, watu wakafunga midomo kwa shuka, na yeye akawa anajiambia, pengine.

Aliuona msalaba kwa mbali. Uliwekewa wigo wa miiba kuzuia mbuzi. Ndani ya wigo kulikuwa na kilima cha samadi kilichokauka na kupasuka, na katikati yake vijiti vinne vya kahawia. Jani moja lilikuwa bado limeng'ang'ania kijiti, jeusi, limejikunja kama sikio lililoungua.

Baba yake alikuja akasimama karibu naye. Jicho lilikuwa limepona.

"Nilifanya kama alivyosema yule mtu," mzee alisema. "Nilichimba. Kimaren alikataa, vijana wake walikataa, wakasema aitwe mkulima kutoka Karatu. Nikachimba mimi, kwa sime. Samadi nilibeba kwa mikono hii kila asubuhi. Rika lako walikuwa wanapita na ng'ombe, wanageuka pembeni kucheka. Niliwasikia, sikio langu halijafa. Nikaendelea." Akagusa samadi kwa ncha ya fimbo. "Likafa. Nikasema basi, sisi hatuna mkono wa udongo."

Lengai hakuweza kumtazama. Alitazama mikono ya baba yake iliyoshika fimbo. Mikono hiyo ilikuwa imegawa nyama kwenye sherehe za rika lake, ilikuwa imebariki watoto kwa maziwa. Ikabeba samadi mbele ya watu kila asubuhi, ikitii maneno aliyoyaacha yapite yeye mwenyewe, akiwa amesimama ndani ya koti la kuazima. Baba hakuona haya kwa ajili ya kaburi la mkewe. Haya zote zilikuwa zimemsubiri mwana, na sasa zilimshukia kuanzia masikioni.

"Huyu aliyelala hapa alisema mwenye kuyatunza ni mtu mwenye subira," mzee aliendelea, kama anayezungumza na msalaba. "Nilimtazama vizuri yule mwenye jembe. Sikuiona subira. Nikafikiri ni hili jicho."

Alikuwa amemaliza, hakuuliza kitu.

Lengai akaondoka. Alipanda mteremko nyuma ya boma, mahali alipokuwa akichunga utotoni, akakiona kichaka alichokidharau siku zote, ngazi, kimesimama katikati ya mawe na ukame, mipira yake ya rangi ya chungwa mmoja juu ya mwingine. Ndege wadogo wenye midomo iliyopinda walikuwa wakiruka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Akachagua kichanga, kisichochanua, kama mama Selina alivyomfundisha. Hakuwa na jembe. Hakuna boma hapo lenye jembe. Akachomoa sime yake kiunoni, ile aliyopewa alipotahiriwa, akaichoma ardhini.

Alizunguka shina kwa mbali, hakukata mzizi. Akaunyanyua mche na bonge lake zima la udongo, akauteremsha ameukumbatia, udongo ukimchafua shuka.

Ndani ya wigo alipiga magoti. Akakomba samadi yote kwa viganja, akaitupa nje. Akang'oa vijiti. Akachimba kwa sime, kisha kwa vidole, mpaka akakuta udongo wenye ubaridi. Baba yake alikuwa bado amesimama pale pale, na Lengai alisubiri neno. Neno lolote. Angeambiwa aondoke angeondoka.

Kengele zikasikika. Ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka majini, na nyuma yao vijana wawili wa rika lake, wakiimba. Wimbo ukakatika. Lengai alijua wameukata kwa sababu gani. Akabaki ameinama, mikono imezama mpaka kwenye vifundo.

Ndipo kivuli kikamfunika. Mzee Lesiamon alikuwa amesogea mpaka kwenye wigo, ameshika ncha mbili za shuka yake na kuitandaza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayewazuia ndama wasitoke.

"Habari za maji huko?" mzee aliwaita wale vijana.

"Ni machache, baba."

"Na majani?"

"Yapo upande wa juu."

"Na yule jike mwekundu, ameshazaa?"

Aliwauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, mambo aliyoyajua yote, mpaka kundi likapita na kengele zikafifia. Lengai hakujua baba yake anamficha yeye wasimwone, au anajificha yeye mwenyewe asionekane na mtoto wa namna hiyo. Aliogopa kuinua kichwa akajua. Akauweka mche shimoni, akaujazia udongo pande zote, akaukandamiza kwa vidole taratibu.

Vijana walikuwa wamekwenda. Shuka haikushuka. Jua la alasiri lilikuwa limesogea, na mstari wa mwanga ukaanza kupanda kwenye majani machanga. Mmea uliohamishwa hautaki jua siku ya kwanza. Mtu yeyote wa bustani anajua hivyo, na mlinzi hana sababu ya kujua.

"Baba," Lengai alisema, uso bado uko chini.

"Mm."

"Sogea kidogo mkono wa kushoto. Jua linaupata."

Mzee akasogea. Kivuli kikarudi juu ya mche.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo."

Na pale mzee akabaki amesimama, shuka bado imetandazwa, huku mwanawe akitafuta kitu kingine cha kufanya na udongo, chochote, ili asilazimike kunyanyuka.